Klachi Inayoshika Isipotakiwa, na Ile Inayokataa Kushika

Karibu barua zote zilizotufikia safari hii kuhusu malori ya rimoti yenye injini za nitro, yaani injini ndogo zinazochoma mchanganyiko wa methanoli na nitromethani, zinalalamikia klachi. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu anayeielewa hiyo hatapata taabu na zilizosalia.

Bwana Fundi, nina lori la rimoti la kipimo cha moja kwa nane, lenye injini ya ukubwa wa .21 (sehemu ya inchi ya ujazo), nililolinunua kwa mtu aliyekuwa akihamia ng'ambo. Kwa miezi miwili sasa, nikiliwasha tu, linaanza kusogea lenyewe kabla sijagusa kifyatuo cha rimoti. Nikilizuia kwa breki, injini inazimika. Nilipandisha mzunguko wa injini ili isizimike, lakini lori likazidi kutoroka. Jirani yangu, ambaye hutengeneza pikipiki, aliniambia kwamba klachi imekwisha. Niliagiza viatu vipya vya klachi na springi mpya, nikangoja wiki tano, nikavifunga, na hali ni ile ile. Je, ninunue injini nyingine?
*Msomaji, Umoja*

Usinunue injini, na pole kwa wiki tano ulizongoja. Jirani yako ni fundi wa kitu kingine. Klachi ya bodaboda hukatwa kwa mkono wa mwendeshaji, ilhali hii yako haina mkono wala waya. Huendeshwa na kasi peke yake. Kwenye ncha ya shafti ya injini kuna flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma linalosawazisha mzunguko, na juu ya flaiwili kuna pini zinazobeba viatu viwili, vitatu au vinne, kila kimoja kikivutwa ndani na springi. Injini inapozunguka polepole, springi zinashinda na viatu vinabaki vimeikumbatia shafti. Inapokwenda kasi, viatu vinarushwa nje hadi vinabana ukuta wa ndani wa kikombe cha klachi, kile ambacho wauzaji hupenda kukiita kengele, na kikombe hicho, chenye meno ya gia, ndicho kinachozungusha gia kubwa ya plastiki na hatimaye magurudumu. Sasa zingatia jambo moja: kikombe hakijafungwa kwenye shafti. Kinaelea juu ya beringi mbili ndogo, na hizo hukuzigusa.

Zima injini, iache ipoe, kisha inua lori ili magurudumu yote yawe hewani. Zungusha gia kubwa kwa kidole huku ukiitazama flaiwili. Kikombe kinapaswa kuzunguka pamoja na gia, na flaiwili itulie kabisa, kwa kuwa mgandamizo wa injini unaishikilia. Ukihisi mkwaruzo kama wa kutafuna mchanga, au ukiona flaiwili inajaribu kufuata, basi umepata mwizi wako bila kufungua skrubu hata moja. Beringi iliyokwama huunganisha shafti na kikombe kana kwamba klachi haipo, hivyo lori husogea hata kwa mzunguko wa chini kabisa, na ukikamata breki unakuwa umeikamata injini yenyewe. Ndiyo maana inazimika.

Watu hudhani kwamba beringi hizo huchakazwa na mbio, lakini mara nyingi ni kinyume chake. Klachi ikishika, shafti na kikombe huzunguka pamoja, na beringi iliyo katikati yao haina kazi kubwa. Beringi huzunguka hasa wakati lori limesimama na injini inanguruma, kwa sababu shafti inakwenda maelfu ya mizunguko kwa dakika na kikombe kimetulia. Kwa hiyo yule kijana anayeliweka lori chini na kulivurumisha breki zikiwa zimekamata, ili majirani wasikie, ndiye anayeziua beringi zake, tena kwa haraka, maana joto la viatu vinavyosugua linazifikia moja kwa moja. Ongeza vumbi jekundu la viwanja vyetu, na grisi iliyokuwamo ndani hugeuka uji mkavu.

Kufungua si kazi ngumu, ila kuna kosa moja linaloharibu injini nzima. Shafti itazunguka pamoja na skrubu unapojaribu kuilegeza, na kishawishi ni kuingiza bisibisi kwenye tundu la ekzosi au la plagi ili pistoni ikwame. Usifanye hivyo hata siku moja. Utaukwaruza ukuta wa ndani wa silinda, na mgandamizo ukishatoroka haurudi. Shika flaiwili kwa spana yake maalumu au kwa koleo iliyozungushiwa kitambaa kinene. Ukitoa kikombe, panga washa zote, vile visahani vyembamba vyenye tundu, juu ya gazeti kwa utaratibu uleule zilivyotoka, kwa sababu utazihitaji.

Beringi mpya utaitafuta kwa vipimo vyake vitatu: tundu, upana wa nje na unene. Zinazotumika sana katika klachi hizi ni za milimita 5 kwa 10 kwa 4, ambazo huandikwa MR105, na za milimita 5 kwa 11 kwa 4, ambazo huandikwa MR115. Usimwambie muuzaji wa vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwamba unataka beringi ya gari la mtoto, kwa maana atakucheka na kumhudumia mwenye matatu aliye nyuma yako. Mtajie nambari, umwonyeshe na ile ya zamani. Herufi ZZ mwishoni zina maana ya vifuniko vya chuma na 2RS ni vya mpira. Kwa sehemu hii mimi huchagua chuma, kwa sababu mpira huyeyuka au hujikunja kwa joto la kikombe, na ukishajikunja huanza kubana kile ulichotaka kiwe huru.

Ukishafunga, kamata kikombe kwa vidole ukisukume ndani na kukivuta nje. Kinapaswa kucheza kidogo sana, kati ya milimita 0.2 na 0.5, yaani takriban nusu ya unene wa kadi ya benki. Kisipocheza kabisa, umeweka washa nyingi mno, na skrubu ya mbele inazibana beringi pamoja. Dalili yake ni kwamba kikombe huzunguka vizuri skrubu ikiwa imelegea, kisha hukwama ukiikaza. Kikicheza kupita kiasi, au washa zikiwa upande usiofaa, ukingo wa kikombe utaisugua flaiwili na lori litatoroka tena, ukadhani nimekudanganya. Washa za milimita 0.1 na 0.2 huuzwa pamoja kwa pakiti, nawe utajaribu mara mbili tatu kabla ya kupata nafasi inayofaa.

Mwisho, rudisha mzunguko wa injini ulioupandisha, maana sasa huo nao ni tatizo. Injini ikiwa imepata moto wa kazi, legeza skrubu ya mzunguko wa chini hadi lori litulie lenyewe. Mlango wa kabureta unapobakiza uwazi wa kama milimita 1 kifyatuo kikiwa huru, hapo ndipo pa kuanzia. Injini ikikataa kutulia katika mzunguko huo bila kuzimika, usikimbilie kuupandisha upya. Bana kwa vidole mpira wa mafuta karibu na kabureta: mngurumo ukipanda kidogo kisha injini ikazima baada ya sekunde tatu au nne, mchanganyiko wa mafuta na hewa katika mzunguko wa chini uko sawa. Ikizima papo hapo, mafuta ni machache. Ikiendelea kwa muda mrefu huku mngurumo ukipanda sana, mafuta yamezidi.

Bwana Fundi, mwanangu wa miaka kumi na sita ana lori la nitro ambalo injini yake hulia kwa sauti ya juu sana, lakini lori lenyewe hutambaa kama konokono, na kuna harufu ya kuungua. Yeye anasema ni klachi; rafiki yake anasema ni difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Mimi ndiye ninayelipa, kwa hiyo ningependa kujua nani anasema kweli kabla sijatoa pesa.
*Mama wa kijana, South C*

Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa, kwa sababu lori nyingi za aina hiyo zina klachi mbili. Ya kwanza ni hiyo niliyoieleza hapo juu. Ya pili ni klachi ya kuteleza, iliyo kwenye gia kubwa ya plastiki, ambayo kazi yake ni kuteleza kidogo lori linapotua kutoka kwenye kuruka ili meno ya gia yasikatike. Dalili za zote mbili zinafanana, lakini kuzitofautisha ni kazi ya dakika mbili. Injini ikiwa imezimwa, mwambie mwanao ayashike magurudumu yote yasizunguke, wewe ujaribu kuizungusha gia kubwa kwa kidole gumba. Ikizunguka kwa urahisi, klachi ya kuteleza imelegea, na kukaza nati yake robo mzunguko kwa wakati mmoja kunaweza kumaliza shauri bila kununua chochote. Ikizunguka kwa kurukaruka huku ikitoa mlio wa kukatika, meno yamevunjika mahali fulani, pengine kwenye difu, na rafiki atakuwa amepata haki yake. Ikikataa kabisa kuzunguka, basi mwanao ndiye msema kweli.

Harufu ya kuungua inanifanya nimwamini mwanao. Fungueni kikombe mtazame ukuta wake wa ndani. Ukiwa na rangi ya buluu, umepikwa na msuguano. Kisha tazameni viatu. Uso unaong'aa kama kioo ni uso ulioungua juu juu, nao husuguliwa kwa msasa wa namba 220, pamoja na ukuta wa kikombe, hadi mng'ao uondoke. Uso wenye mafuta husafishwa kwa dawa ya kusafishia breki na kuachwa ukauke. Viatu vilivyolika hadi vikawa vyembamba upande mmoja havina tiba, na hivyo ndivyo vya kununua.

Lakini mkikuta mafuta, msisafishe tu na kufunga. Yametoka wapi? Mafuta ya nitro hubeba ndani yake mafuta ya kulainishia, yawe ya mbarika au ya viwandani, kwa hiyo hayakauki yote yakimwagika. Mara nyingine kijana hujaza tangi hadi linafurika na mafuta hutiririka kwenye flaiwili, jambo ambalo huponywa na mkono mtulivu. Mara nyingine beringi ya mbele ya injini inavuja, na kila mkisafisha klachi italowa tena baada ya matangi machache. Pangusa sehemu ya mbele ya injini hadi ikauke kabisa, iendesheni dakika tano, kisha mtazame unyevu umeanzia wapi.

Kwa kuwa barua yako imetoka nyumbani kwenye familia, niongeze neno juu ya mafuta yenyewe. Sehemu kubwa ya mafuta ya nitro ni methanoli, kemikali ileile iliyokutwa katika pombe iliyoua watu wengi Embu, Kiambu na kwingineko mwezi wa Mei 2014. Yasihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda. Tena moto wa methanoli hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo msijaze tangi karibu na jiko hata kama hamuoni mwali wowote.

Bwana Fundi, niliifungua klachi yangu ya viatu viwili ili niisafishe, nikaifunga upya bila kubadilisha kitu. Sasa lori linaondoka kwa kishindo na mara nyingine injini inazima palepale. Kabla ya hapo lilikuwa likiondoka polepole na kwa ulaini. Nimepoteza nini?
*Mwanafunzi, Kahawa Wendani*

Hujapoteza kitu, umegeuza kitu. Kiatu cha klachi kina upande ulioshikwa na pini na upande ulio huru. Ncha huru ikifuata nyuma ya pini katika mwelekeo wa mzunguko, msuguano wa kikombe hukirudisha kiatu ndani kidogo, nacho hushika kwa upole. Ncha huru ikitangulia mbele ya pini, msuguano uleule hukivuta kiatu nje zaidi, kikabana kwa nguvu kuliko springi ilivyokusudiwa kuruhusu, na hapo ndipo kishindo chako kinapotoka. Injini nyingi za nitro, ukizitazama kutoka upande wa klachi, huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Fungua, tazama, na uvirudishe viatu jinsi kijitabu cha lori kinavyoonyesha. Vaa miwani unapozirudisha springi. Ni ndogo, lakini ikichomoka hurukia usoni.

Na kwa kuwa umesema ulisafisha: kama ulipaka grisi ndani ya kikombe, kama wengine wanavyofanya kwa nia njema, itoe yote. Tone moja la mafuta mepesi kwenye beringi linatosha.

Bwana Fundi, nilihamishiwa Nairobi kikazi kutoka Mombasa mwezi wa Januari, na lori langu la nitro nikalibeba. Kule Nyali lilikuwa likiruka kama swala. Hapa, injini huwaka vizuri na hutulia vizuri, lakini nikivuta kifyatuo inakoroma, inatoa moshi mwingi, na klachi inaposhika tu inakaribia kuzima. Fundi mmoja ameniambia niweke springi ngumu zaidi. Je, ni ushauri mzuri?
*Msomaji, Lang'ata*

Ni ushauri mzuri uliokuja kabla ya wakati wake. Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu yake. Hewa ya huku ni nyembamba kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na uliyoizoea, lakini sindano za kabureta yako, zile skrubu zinazopima mafuta, bado zinamimina mafuta ya Nyali. Injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa ya kuyachoma, na moshi ulioutaja ndio ushahidi. Ukiweka springi ngumu sasa hivi, utakuwa umeificha dalili, na injini itaendelea kukoroma katika mzunguko wa juu zaidi.

Anza na sindano ya kasi, ile inayopima mafuta ya mzunguko wa juu. Ifunge kwa moja ya nane ya mzunguko, endesha lori raundi mbili tatu, sikiliza, kisha rudia. Unatafuta injini inayopanda bila kusita huku bado ikiacha mstari mwembamba wa moshi wa buluu. Moshi ukitoweka kabisa umekwenda mbali mno, na ni afadhali urudi nyuma kuliko kuiunguza pistoni. Kama huna kipimajoto, dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini: likichemka na kwisha kwa sekunde tatu hivi au zaidi, joto linavumilika, likiruka na kutoweka papo hapo, zima. Mwenye kipimajoto atazame nyuzi 90 hadi 120 za Selsiasi. Baada ya hapo gusa sindano ya chini, kwa kipimo cha kubana mpira nilichomweleza msomaji wa Umoja.

Hapo ndipo uiangalie klachi, kwa maana kuna upungufu ambao sindano haiwezi kuurudisha. Hewa nyembamba huipunguzia injini nguvu hata ikirekebishwa vizuri, na klachi iliyokuwa ikishika katika mzunguko fulani kule pwani huku inaikamata injini kabla haijakusanya nguvu ya kulisukuma lori. Springi za klachi za aina nyingi huuzwa kwa unene wa waya wa milimita 0.9, 1.0 na 1.1. Kadiri waya unavyonenepa, ndivyo viatu vinavyochelewa kutoka na ndivyo injini inavyopata nafasi ya kupanda kwanza. Kama zako ni za 1.0, jaribu za 1.1, na usizidi hapo kwa haraka, kwa sababu klachi inayochelewa mno huteleza sana, kikombe hugeuka buluu, na utaishia kuniandikia barua kama ile ya South C. Badilisha springi zote kwa pamoja. Mpya moja pamoja na za zamani hufanya kiatu kimoja kitangulie vingine, na lori litatetemeka kila linapoondoka.

Kuna njia nyingine, ambayo mimi binafsi huipendelea kuliko springi: kupunguza jino moja kwenye gia ya kikombe, kwa mfano kutoka 16 hadi 15. Lori hupoteza kidogo ya kasi yake ya juu, ambayo katika viwanja vya huku vyenye mashimo huwezi kuitumia hata hivyo, na injini hupata wepesi wa kuondoka bila klachi kusugua kwa muda mrefu. Ukibadilisha kikombe, itabidi usogeze injini ili meno yakutane upya. Weka ukanda wa karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zisukume zikutane, kaza skrubu za injini, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo lakini bila kuchanika, nafasi ni sawa. Fanya hivyo mahali pawili au patatu kwenye mzunguko wa gia kubwa, kwa sababu gia za plastiki mara nyingi si duara kamili, na ukipimia mahali palipobonyea peke yake, meno yatabana unapofika upande wa pili.